TV ya Boti ya Baba Mdogo

6 Februari

Mwanangu Kipaza,

Hujambo wewe na duka lako? Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinama. Boti nayo haijambo, nimeipaka rangi upya ubavuni, ya kijani, na manahodha wenzangu wameanza kununa. Mama yako mdogo anakusalimu sana. Hivi ninavyoandika yuko chini kwenye injini anagonga kitu kwa nyundo, akimaliza atapika. Mzima kabisa.

Simu usinitafute. Ile niliyokuwa nayo ilitumbukia majini wakati napakia saruji, na nikinunua nyingine itatumbukia pia. Barua nampa nahodha wa boti ya mafuta, yeye anafika huko kwenu mjini.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Nataka TV. Usicheke. Najua miaka yote nimesema boti ni mahali pa kazi, anayetaka sinema akakae nchi kavu. Nimebadilika, na mtu akibadilika asiulizwe maswali mengi. Nataka ya inchi thelathini na mbili, niifunge pale mbele, ili mwenye boti ya mafuta akipita aione dirishani na roho imuume. Umeme ninao, betri zangu ni mbili, tena za lori. Katika ukoo mzima fundi wa TV ni wewe, kwa hiyo wewe chagua, unieleze, nami nitatuma mtu aje kuichukua.

Fanya haraka kidogo. Si kwamba nina haraka.

Baba yako mdogo,
Nahodha


20 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka dizeli, nikajua ni yako kabla sijaona mwandiko. Huku wazima. Duka linakwenda, juzi nimefungua redio ya kinyozi nikakuta mende na ukoo wake wote wamehamia humo. Hongera kwa rangi ya kijani.

Nimefurahi pia kusikia kwamba Mama Mdogo yuko chini anagonga injini, kisha atapika. Nilipofika kwenye sentensi hiyo yeye alikuwa kwenye kochi langu, miguu juu ya kigoda, anatafuna karanga. Nikamsomea kwa sauti. Akasema, "Mwambie nikishapika aniwekee na mimi." Njia ya mwongo ni fupi, Baba Mdogo, lakini yako haikufika hata kona ya kwanza.

Yuko kwangu tangu mwezi wa kumi na mbili, na wewe unalijua hilo vizuri. Alikuja na begi moja na boksi lake la spana. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alijichukulia mwenyewe. Ameshafungua feni yangu, pasi yangu na pampu ya maji ya jirani, na vyote sasa vinafanya kazi vizuri kuliko vilipotoka dukani. Jioni anatazama tamthilia ya ndugu wawili wanaogombania kiwanda cha mikate, anawafokea mpaka majirani wanauliza kuna nini. Kwa nini aliondoka kwenye boti, hasemi. Nikimuuliza ananijibu, "Muulize mwenye boti." Na mwenye boti naye naona hataki maswali mengi. Haya, mimi ni fundi wa TV, nitashughulika na TV.

Ila nikwambie kitu. Nilipofika pale ulipoandika "Nataka TV", aliacha kutafuna. Nimeona kwa macho yangu. Usiku huo nilishindwa kulala kwa furaha, nikaanza kupanga waya kichwani.

Kwa hiyo tuanze. Inchi thelathini na mbili sahau. TV ya nyumbani inataka umeme wa ukutani, itabidi uiwekee inveta ya kugeuza umeme wa betri, na inveta inanyonya betri hata TV ikiwa imezimwa. Asubuhi ukitaka kuwasha injini, itakutazama tu. Kuna TV ndogo zinazokula volti kumi na mbili moja kwa moja, zimetengenezwa kwa ajili ya malori na boti, king'amuzi kimo ndani. Ninazo mbili rafuni. Kabla sijachagua nijibu haya: boti yako ina volti ngapi? TV itakaa wapi? Itatazamwa injini ikiwa inanguruma au imezimwa? Na watazamaji ni wangapi? Hilo la mwisho usilidharau. Kuna vioo ambavyo ukikaa mbele yake unaona vizuri, ukisogea ubavuni sura za watu zinageuka nyeusi.

Mwanao,
Kipaza


5 Machi

Mwanangu Kipaza,

Marahaba. Hapa ni mvua na matope, magunia yanateleza, wapakiaji wanagombana na mimi nagombana na wapakiaji. Afya ipo.

Basi, umenishika. Lakini sikusema uongo, niliandika mambo yanavyotakiwa kuwa.

Tangu aondoke, injini anaiangalia mzee mmoja niliyemkodi bandarini. Tunamwita Bwana Kesho, maana kila kitu atakifanya kesho. Injini ikikohoa yeye anaipa pole. Tumeshaingia bandarini tukivutwa na boti ya mafuta, na yule nahodha anapiga honi njia nzima ili watu watoke nje waone. Mwanangu, nataka mke wangu arudi. Nimeliandika hili kwako tu, usimsomee.

Aliniomba TV miaka mitatu. Kila akiniomba namwambia kelele za injini yako zinatutosha. Siku aliyoondoka hakugomba, alifunga boksi la spana akashuka. Kwa hiyo nimejua kosa langu ni TV, na dawa yake ni TV. Wala sitaki ya kuringia tena, umenielimisha. Nitumie hiyo ndogo.

Haya majibu yako. Volti ni ishirini na nne, betri mbili za kumi na mbili zimeunganishwa. Hilo nimeshalitatua: nitachomoa waya hapo katikati, nichukue kumi na mbili za betri moja, TV ipate chakula chake. Mahali: kona iliyo kando ya ngazi ya kushukia kwenye injini. Nimeisafisha, nimeipaka rangi nyeupe, nimechonga kiti kwa mkono wangu na kukiwekea mto wa sponji. Ungekiona ungesema kimetoka kwa seremala. Injini: inanguruma, tutakuwa safarini. Watazamaji: mmoja. Yeye akitazama, mimi niko usukani. Mimi nikilala, usukani anao yeye. Ndivyo tulivyofanya kazi tangu tuoane, zamu kwa zamu, na ndiyo maana boti yetu hailali. Itakuwa TV yake peke yake, hakuna wa kumnyang'anya rimoti. Hilo umwambie.

Sijawahi kusubiri mzigo wowote kama ninavyousubiri huu.

Baba yako mdogo,
Nahodha


17 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima.

Kwanza la waya: usichomoe chochote katikati ya betri. Hiyo betri moja itafanya kazi ya TV peke yake na kuchoka, mwenzake itajazwa umeme mpaka ichemke, na mwisho utazizika zote mbili. Mama Mdogo alilisema hilo kabla yangu. "Bila mimi huyu mwanamume ataiunguza boti," akasema, na alikuwa na furaha, Baba Mdogo, alikuwa ameshavua kandambili na kukaa mkao wa kusikiliza. Nilimsomea kila kitu mpaka hapo pa waya. Hata pale ulipoandika nisimsomee nilimsomea, unisamehe. Akaomba nirudie. Tukaenda dukani usiku uleule, nikaifunga ile ndogo kwenye boksi, tukajaza magazeti pembeni isitikisike njiani. Alikuwa anaimba.

Tuliporudi akataka kuisoma barua mwenyewe mpaka mwisho. Akafika pale ulipojibu watazamaji ni mmoja. Akasoma maelezo yake yote, ya zamu na ya rimoti. Akavua miwani, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Kisha akaniambia, "Irudishe rafuni."

Nimeirudisha. Nimemuuliza kisa ni nini, akanijibu kwamba wewe una akili za kutosha kuongoza boti gizani, kwa hiyo hili nalo utaliona.

Sina la kuongeza.

Kipaza


30 Machi

Mwanangu Kipaza,

Salamu nimeziacha, moyo hauko kwenye salamu.

Hebu nieleze wewe uliyesoma. Mtu anaomba TV miaka mitatu. Anapewa TV. Anapewa kona, kiti, mto, na rimoti isiyo na mgomvi. Halafu anakasirika. Kama ni rangi ya kona haipendi, aseme. Kama ni kiti kidogo, aseme. Mimi si mganga nipige ramli nijue kilicho moyoni mwa mtu. Mwambie boti itaendelea kwenda, na kama hataki TV nitaweka hapo pipa la mafuta.

Nilikomea hapo jana. Leo ndiyo naendelea, na hayo ya juu yasome lakini usiyajali.

Jana nilisema nikae mwenyewe kwenye kile kiti nione kina kasoro gani. Nikamwachia Bwana Kesho usukani, nikatundika mfuniko wa bati la biskuti kwenye msumari, mahali TV itakapokaa, nikaketi. Mto mzuri. Umbali mzuri. Injini inanguruma chini ya nyayo. Mfuniko ulikuwa umekaa upande, nikataka kumwambia mtu, "Hebu tazama, umekaa upande." Hapakuwa na mtu. Nikaendelea kukaa. Mwanangu, sikumaliza hata muda wa kunywa kikombe cha chai, nikasimama.

Nimelijua kosa langu. Mimi na mama yako mdogo tunaishi kwenye boti moja, lakini mmoja akiingia kulala mwenzake anatoka. Kitanda nakikuta kina joto lake, yeye simkuti. Chakula ananiachia kimefunikwa, na mimi namwachia kimefunikwa. Nimeoa mke nikamfanya mtu wa zamu, halafu nikaona nimpe TV ili upweke wake uwe na picha. Nimeona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Basi sikiliza, maana nimechangamka na sitaki nisahau hata neno. Kile kiti nimekivunja. Nimeng'oa na rafu ya kamba iliyokuwa ukutani, kamba zitalala popote. Nimeweka benchi, ubao mnene, linakaa watu wawili bila kubanana, na wakibanana si vibaya. Boti itafungwa kila siku saa kumi na mbili jioni, kokote tutakakokuwa, injini kimya mpaka asubuhi, tulale usingizi wa watu. Wenye mizigo wameanza kulalamika. Nimewaambia anayetaka haraka aende na boti ya mafuta, ina honi nzuri. Minara ya TV ipo karibu na kila bandari tunayolala, nimeulizia.

Kwa hiyo yale majibu futa, andika upya. Injini: imezimwa. Watazamaji: wawili. TV gani inafaa? Na umeme nipate wapi bila kuzimaliza betri za kuwashia injini?

Barua hii usimweleze tu ilivyo. Msomee neno kwa neno.

Baba yako mdogo,
Nahodha


21 Aprili

Baba Mdogo wangu,

Shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya benchi. Samahani kwa kuchelewa, boti ya mafuta ilikuwa matengenezoni. Ndiyo, ile yenye honi nzuri. Nimeona nikupe habari hiyo mapema.

Nilimsomea neno kwa neno, na sehemu ya jana na sehemu ya leo. Ile ya jana alisema, "Ndiye huyo." Ile ya leo hakuniacha niimalize. Nilipofika kwenye kitanda chenye joto alinipokonya karatasi akaenda nayo chumbani na kufunga mlango. Tamthilia ikaanza, ndugu wa mikate wakatukanana mpaka wakachoka, yeye hakutoka. Alipotoka aliniuliza swali moja tu: "Hilo benchi amelikaza kwa misumari au kwa boliti?" Nikasema hukuandika. Akasema, "Misumari. Namjua."

Asubuhi alifika dukani kabla yangu, nikamkuta amesimama nje ya mlango na boksi la spana. Baba Mdogo, sijawahi kuwa na mteja msumbufu kiasi hicho, na sijawahi kufurahi dukani kiasi hicho. Ile ndogo ya inchi kumi na tano aliikataa papo hapo. Alinikalisha upande wa kushoto, yeye akakaa kulia, akaniuliza, "Unamwona mtangazaji ana rangi gani?" Nikamwambia mweusi kama masizi. "Hata huku," akasema, "iondoe." Tukawasha ile ya inchi kumi na tisa. Kioo chake ni cha aina nyingine, ukae kulia, kushoto, hata ukichungulia kutoka mlangoni, sura ni ileile. Akamwita kinyozi akae kushoto, mwenye genge akae kulia, akawauliza kila mmoja peke yake kama askari. Walipotoa jibu moja akasema, "Hii."

Inakula volti kumi na mbili na wati kumi na nane tu, balbu moja ya zamani ya chumbani inakula zaidi. Umeme tumeupanga hivi: betri za injini hazitaguswa kabisa. TV itakuwa na betri yake, ndogo, na juu ya paa la usukani litakaa bamba la sola la kuijaza mchana kutwa mnapotembea. Jioni mtatazama mpaka mchoke, na asubuhi injini itawaka kana kwamba hapakuwa na starehe yoyote. Nimeweka fyuzi karibu na betri. Waya ni mnene, usije ukaubadilisha kwa ule wako wa kufungia magunia.

Vitu vyote viko tayari sebuleni. Ila nani atavileta, hapo sijui. Nilimwambia nitavipakia kwenye lori, akasema lori litavunja kioo. Nikasema basi nimtafute mtu anayekuja huko, akasema watu wa siku hizi hawajui kubeba. Nikamuuliza, "Kwa hiyo unavipeleka wewe?" Akaniambia niache udaku, niandike mambo ya umeme.

Nimeandika mambo ya umeme. Jana amefua nguo zake zote. 

Mwanao,
Kipaza


10 Mei

Mwanangu Kipaza,

Hujambo, hujambo tena, na Mungu akuzidishie. Sisi wazima. Umeona nilivyoandika? Sisi.

Alishuka kutoka kwenye lori la mbao akiwa ameikumbatia TV kifuani, amemkataza hata dereva kuigusa. Nilikuwa juu ya shehena, nikashuka mbio, mguu mmoja ukaingia kwenye ndoo. Sikujali. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, ya heshima, ya mtu mzima, yote yakanipotea. Nikamwambia, "Umekuja." Akanijibu, "Nishikie boksi hili." Akapita moja kwa moja mpaka kwenye injini. Nikasikia mlio mmoja wa nyundo, kisha sauti yake akimwambia yule mzee, "Bwana Kesho, kesho imefika. Asante kwa kazi." Mzee akatoka na kofia yake, tena akiwa na furaha, akaniambia injini ile ilikuwa inamwogopesha tangu mwanzo.

Benchi alilitazama, akalitikisa, likalia. Nilitumia misumari. Akang'oa yote na kutia boliti, mimi nikimshikia spana, na sijui kama niliwahi kumshikia spana kabla ya siku hiyo. Sola tukaipandisha paani pamoja. Antena nikaizungusha nikiwa juu, yeye akipiga kelele chini, "Rudisha, rudisha, umepitiliza," mpaka watu wa bandarini wakaanza kunisaidia kwa ushauri. Picha ilipokaa sawa alinyamaza. Nikachungulia kutoka paani kichwa chini miguu juu, nikaiona hata mimi, safi kabisa. Ulisema kweli kuhusu kioo hicho.

Saa kumi na mbili nikafunga boti. Nikazima injini kwa mkono wangu. Tukakaa. Mwanzoni sikujua pa kuweka mikono, nilivyozoea usukani. Akanieleza yule ndugu mkubwa ni nani, mdogo ni nani, nani alighushi hati, mke wa nani anapenda mkate gani. Nilichanganyikiwa, akarudia, hakuchoka. Nilikuwa sijamsikia akiongea mfululizo kiasi hicho tangu tukiwa wachumba.

Halafu yule ndugu mdogo akatumbukia ndani ya pipa la unga. Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikageuka kumtazama mwenzangu. Mdomo wazi, mabega yanatetemeka, machozi yanamtiririka, na hakuna sauti hata chembe. Miaka yote nimemwona akicheka hivyo kwa mbali, yeye mlangoni mwa injini na mimi usukani, na siku zote nilidhani sauti yake inamezwa na injini. Jana injini ilikuwa imezimwa. Mama yako mdogo anacheka bila sauti, Kipaza, na mimi mumewe nimelijua hilo jana.

Nimkabidhi nahodha wa mafuta barua hii kabla hajaondoka. Leo nafunga boti saa kumi na moja.

Baba yako mdogo